Nozeli za Kukua Nazo

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi jikaze uisome hivyohivyo, maana nina shida na wewe. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema goti lake haliumi tena ila mtu akilitaja linaanza. Bibi yupo, mkali kama kawaida. Juzi alimnunulia mtoto wa jirani viatu vya zawadi, mtoto akavivaa akapotea ndani yake. Nikamwambia, Bibi, hivi si vya baba yake? Akanijibu, "Atakua navyo." Huyo ndiye mama yako, simuongezei neno.

Sasa habari za Mkaidi. Gari lako ni zima. Ile turbo kubwa tuliyokubaliana nimeifunga, mabomba yamekaa, hakuna panapovuja. Mjomba, anavuta! Kwenye tambarare ananibandika kitini kama stempu. Taabu iko mlimani. Nikimkanyaga mpaka mwisho kwenye ile barabara ya mnara wa simu anapanda vizuri, halafu kwenye mnyooko kabla ya kona ya tatu anaanza kukatakata, kama mtu aliyepandishwa ngazi kwa mbio. Fundi wa kompyuta za magari alichomeka mashine yake, akaniambia nozeli zinazonyunyizia injini petroli zimefika mwisho wa uwezo. Zinakaa wazi muda wote, karibu hazifungi kabisa, na bado petroli haitoshi. Turbo inasukuma hewa nyingi, mafuta ni yaleyale ya zamani. Akasema nikiendelea hivyo pistoni itatoboka, na akanikataza mlima mpaka nibadilishe nozeli.

Kwa hiyo swali la kwanza: niweke nozeli za ukubwa gani? Wewe ndiye uliyezeeka na nozeli mkononi kwenye karakana ya watu. Mimi ni wa spana tu. Presha ya turbo na mengine yote nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Swali la pili: mashindano ya kupanda mlima ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Utakuja kuendesha, si ndiyo? Tuliagana hivyo ulipoondoka, mimi nijenge, wewe uendeshe. Kiti sijakigusa. Kiko palepale ulipokiacha, kwa vipimo vya hiyo miguu iliyofanya ukaitwa Nguzo. Mimi nikiendesha naweka mto mgongoni na bado klachi naifikia kwa kidole gumba.

Simu yako haipatikani. Ulisema tuandikiane, basi naandika.

Mpwa wako,
Bi Spana


1 Machi

Bi Spana,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima, kikohozi cha hapa na pale tu. Mwenye nyumba wangu amepaka ukuta wa mbele rangi ya kijani ambayo hata chura angeikataa, ndiyo habari kubwa ya mtaa wetu. Simu nimeachana nazo. Zina vijiherufi kama mayai ya chawa. Barua ni bora, mtu anafikiri kabla hajasema.

Haya, nozeli. Nozeli ni bomba linalofunguka na kufunga mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Inafungua, inanyunyiza, inafunga. Usiifanyishe kazi zaidi ya asilimia themanini ya muda wake, nayo inataka kupumzika kama wewe. Zako hazipumziki, ndiyo maana gari linakatakata. Kwa hiyo fundi wako amesema kweli, unahitaji kubwa zaidi.

Lakini kubwa zaidi si kubwa mno! Gari likisimama kwenye taa, injini inataka tone tu. Nozeli kubwa mno haijui kutoa tone, inajua kumwaga. Ni sawa na kumnywesha mtoto dawa kwa ndoo. Nimepiga hesabu kwa presha uliyoniandikia: utapata nguvu za farasi mia mbili na themanini hivi, na Mungu akusaidie kwenye kona. Nozeli ulizonazo zinatoa kama mililita mia tatu na tisini kwa dakika. Weka za mia tano na hamsini. Usije ukaniambia mia saba, usije ukaniambia duka lilikuwa na ofa. Zote nne zipimwe pamoja kwenye vioo vya kupimia, zionekane zinajaza sawa, maana moja ikiwa mvivu silinda yake ndiyo itakayoungua. Na fundi wa kompyuta aifundishe kompyuta nozeli mpya kabla hujawasha, isije ikadhani bado inalisha kwa kijiko cha zamani.

Swali lako la pili nimeliona. Karatasi imeisha.

Mjomba wako,
Nguzo


24 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi imeisha vipi? Umeandika herufi kubwa kama bango la duka, maneno manne kwa mstari! Nilimwonyesha Mama nikicheka, yeye hakucheka. Alisema tu, "Kaka yangu anazeeka," akatoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Bibi anasema huo ukuta wa kijani uuache, jua litaumaliza.

Habari njema: nozeli nimepata! Mpya, nne, rangi ya bluu, zinang'aa mpaka inaniuma kuzifunika na boneti. Bibi alinisindikiza dukani, eti alikuwa anaelekea huko huko, na kule hana analolifuata. Muuzaji alitupangia saizi zote mezani, Bibi akawa anazishika moja moja na kuzipima kwa mkono kama anachagua vitunguu. Basi, tukachagua. Fundi wa kompyuta alitikisa kichwa, lakini yule hutikisa kichwa hata akiambiwa habari ya asubuhi. Amefanya kazi yake, gari limewaka. Linakunywa zaidi kidogo, na kuna kaharufu, lakini kitu kipya hakikosi harufu. Usiwe na wasiwasi wowote.

Swali la pili nalirudia kwa herufi kama zako: UTAKUJA?

Bi Spana


6 Mei

Bi Spana,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, kazi zimenibana. Nisalimie wote, mama yangu umsalimie mara mbili kisha umwambie nina ugomvi naye.

Barua yako nimeirudia. Ina vitunguu, ina rangi ya bluu, ina mtu anayetikisa kichwa. Namba haina. Mtu akinunua nozeli za mia tano na hamsini anaandika "nimenunua za mia tano na hamsini," yamekwisha. Asiyetaja namba ana lake jambo. Na ulikwenda na mama yangu! Katika watu wote wa dunia hii, ukamchukua mama yangu kwenda kuchagua saizi! Mimi nilisoma shule nzima na viatu vilivyojazwa magazeti kwenye ncha. Siku vilipoienea miguu, soli zilikuwa zimekwisha.

Haya nijibu bila kuzunguka. Ukisimama kwenye taa, gari linazimika? Moshi mweusi upo? Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kama kinanuka petroli, zima gari na usiliwashe tena hata kwa kulitoa uani. Petroli inayomwagika kupita kiasi inateremka kwenye oili na kuilainisha, na injini inabaki kujisaga chuma kwa chuma. Likifika hapo tusiongee habari za mashindano, tuongee habari za vyuma chakavu.

Tafadhali andika kwa kalamu nyeusi, nene. Hiyo ya bluu inaandika kama inaona aibu.

Mimi siku hizi nakwenda kazini kwa miguu, ni nzuri kwa afya. Kagari kangu nimempa mwenye nyumba akatumie, mimi sina haraka ya kwenda popote.

Nguzo


22 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na hii ya leo nakupa nimepiga magoti. Kalamu nyeusi nimenunua, unaona ilivyo nene.

Elfu moja.

Haya, nimesema. Nilinunua za elfu moja. Za mia tano na hamsini zilikuwa hapa, za elfu moja pale, na Bibi akaniambia, "Kubwa humwingia mdogo, ndogo haimwingii mkubwa. Gari nalo litakua." Nikajiambia, mwaka kesho nitaweka turbo kubwa zaidi, ya nini kuhangaika mara mbili? Pale dukani ilisikika kama akili.

Jumatatu nikasimama kwenye mzunguko wa sokoni. Mkaidi akakohoa, akazima. Nikawasha, akazima. Honi nyuma yangu mpaka kule hospitali. Askari wa barabarani akaja taratibu, akainama dirishani, akanusa. "Dada, umebeba petroli humo ndani?" Nikamwambia hapana afande, ndivyo linavyonukia lenyewe. Akasema, "Basi liondoe kabla hajatokea mtu na sigara." Wapita njia wakanisukuma huku wakiniimbia wimbo wa bibi harusi. Nikafika gereji nikitamani ardhi inimeze. Plagi zilitoka nyeusi, zimelowa chapachapa. Na kijiti cha oili, Mjomba, nimekinusa. Kinanuka.

Nimezima. Oili nimeimwaga yote, ilitoka nyepesi kama maji. Kama injini imeshajisaga sijui, nitajua nikipima. Sina raha kabisa. Ni gari lako, uliniachia mikononi, na mimi nimelinywesha sumu kwa mkono wangu. Muuzaji amekubali kubadilisha, na safari hii Bibi nilimtoroka kwa mlango wa nyuma.

Nikwambie na la pili, maana leo ni siku ya kusema. Hiyo habari ya mwaka kesho ilikuwa kisingizio. Nilitaka ukae kitini, ukanyage, ucheke. Unakumbuka ulivyokuwa ukicheka Mkaidi akivuta? Mpaka tukiwa nje tunasikia. Gari hili lote nimelijenga nikikisubiri kicheko hicho.

Jina lako nimeliandikisha kama dereva. Mwisho wa kubadilisha majina ni mwisho wa Julai. Nikikutaja tu, Mama anapata kazi ya kufanya jikoni. Kuna nini? Mimi na wewe hatufichani.

Bi Spana


9 Julai

Bi Spana, mpwa wangu mpenzi,

Salamu kwenu nyote. Leo sina mzaha wa kuanzia.

Macho yangu yamekwisha. Ni presha ya macho. La kulia halioni kitu, la kushoto linaona kama kioo cha bafuni mtu akishaoga maji ya moto. Kilichopotea hakirudi, dawa ninazotia ni za kulinda kilichobaki. Leseni niliirudisha mwenyewe mwaka jana kabla hawajaniomba. Mama yako anajua, nilimwapisha asikwambie, kwa hiyo usimlaumu. Ule ukuta wa kijani nilioucheka, mwenye nyumba aliupaka ili nione mlango wangu uko wapi. Na siku hizi ndiye anayenisomea barua zako. Alipofika kwenye askari na petroli alicheka mpaka akakaa chini. Alipofika pale pa kicheko changu alikunja karatasi, akasema atarudi kesho.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Nilijua ukisikia siendeshi tena utaweka spana chini. Na nikwambie kweli, kila barua yako ilipofika na mimi niliendesha kidogo. Naona uchungu, sikufichi. Niliupenda mlima ule kuliko vitu vingi.

Kazini hawajaniacha. Wananiletea magari niyasikilize. Nozeli mvivu ina sauti yake, na masikio yangu bado ni ya kijana.

Sasa kazi. Ukishafunga za mia tano na hamsini, weka oili mpya, iendeshe injini kidogo, uimwage, uweke nyingine. Kichujio pia. Pima kompresheni, ile nguvu ya kubana hewa, silinda zote nne. Zikilingana, tumepona.

Halafu nenda kwa waandaaji wa mashindano uandike jina lako. Halafu sogeza kiti mbele.

Usinibishie. Umekaa na mto mgongoni muda wote huo, unafukuzia klachi kwa kidole gumba, kwa ajili ya mtu ambaye hayumo garini. Mama yangu anatununulia vikubwa akitumaini tutakua. Wewe, mwanangu, miguu hiyo ndiyo imekwisha kukua. Sogeza kiti.

Mjomba wako


25 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima wa mwili. Nililia. Kisha nikamgombeza Mama, Mama akanigombeza kwa kumgombeza, Bibi akatugombeza wote wawili kwa sababu naye hakuambiwa. Anasema wewe njoo tu, atakuchapa, unguzo wako hautakusaidia. Mimi mwenyewe nimekukasirikia na nitaendelea mpaka Septemba, ujue hivyo. Mwenye nyumba, asante kwa ukuta. Hayo msomee kwa sauti.

Kompresheni zinalingana, zote nne! Tumepona, Mjomba, niliruka pale gereji mpaka nikagonga kichwa kwenye boneti. Nozeli za mia tano na hamsini zimepimwa, vioo vinne vikajaa sawasawa. Mkaidi anawaka mara moja. Nimekwenda mzunguko wa sokoni makusudi, nikasimama, akanguruma polepole bila hata kikohozi. Yule askari alinitambua, akanusa hewa, akanipungia mkono nipite.

Mlimani bado sijamkanyaga mpaka mwisho. Fundi wa kompyuta anasema gari liko tayari. Asiyekuwa tayari ni mimi. Naogopa. Kujenga kwa ajili ya mtu mwingine nilizoea, gari likiharibika unasema ni dereva.

Kiti kilikataa. Reli zilishika kutu. Nikamwaga mafuta, nikapiga nyundo, nikatukana, Bibi akasikia. Kikaachia ghafla, nikajigonga pua kwenye usukani. Sasa miguu yote miwili inafika, hata naona aibu jinsi ilivyo rahisi.

Jina nimeandika langu. Njoo, nitakupokea stendi. Utasimama na Bibi kwenye kona ya tatu.

Bi Spana


16 Septemba

Bi Spana,

Nimefika salama, mwenye nyumba alinisubiri stendi. Mgongo bado unauma pale mama yangu aliponichapa. Alinichapa kweli, mbele ya abiria, kisha akanishika mkono na hakuuachia siku zote nilizokaa kwenu. Nikienda chooni alinisubiri mlangoni.

Ulilalamika pale stendi kwamba mbio zako sikuzisemea neno, mpaka basi likaondoka. Sasa wacha nikueleze.

Tulisimama nyuma ya kamba. Mama yangu ananisimulia kila linalopita: "Hili jekundu. Hili jeupe. Hili dereva wake ana masharubu." Nikamwambia Mama, nakuomba unyamaze. Kisha nikakusikia kule chini, na hujafika kona ya kwanza nilishajua ni wewe. Kona ya pili ulibadilisha gia mapema, woga ule, niliusikia. Halafu ukaingia kwenye ule mnyooko, pale alipokuwa akikatakata. Nikaubana mkono wa mama yangu mpaka akalia "Utanivunja!" Nilikuwa nangoja utoe mguu. Hukutoa. Sauti ikapanda, ikapanda tena, safi, nozeli zote nne zinasema kwa mdomo mmoja, na ukapita mbele yangu upepo ukanipiga shati.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mpwa wangu, mpaka watu wakageuka kuniangalia. Muulize bibi yako, ni shahidi. Wewe hukunisikia kwa sababu ulikuwa na kona ya kukata.

Kushika nafasi ya tatu si haba. Yule wa duka la matairi aliyekutangulia mwakani utamla, ukiiacha ile gia ikae mpaka umalize kona ya pili. Mama yangu anasema ungebaki na zile za elfu moja ungekuwa wa kwanza. Mwache hivyohivyo, tusimbishie.

Jambo la mwisho. Ulipokuwa unanipeleka stendi nilipapasa kiti cha nyuma, nikaugusa ule mto wako, nikautia kwenye begi. Kiti changu cha kazini ni kigumu, na wewe huna kazi nao tena.

Mjomba wako,
Nguzo